Askari Akikosa, Ni Nani Atakayempeleleza?

Mkulima aliyeibiwa ng'ombe hujua pa kwenda. Hufika kituo cha polisi, habari zake huandikwa katika kitabu cha OB, naye hupewa namba, upelelezi ukaanza. Lakini mkulima huyo huyo akipigwa na askari njiani, au akidaiwa fedha ili mwanawe atolewe mahabusu, mara nyingi hurudi nyumbani akanyamaza. Sababu yake si woga mtupu. Mlango anaoambiwa abishe ni ule ule wa kituo alikotendewa mabaya, na askari wa zamu aliyeshika kalamu huenda akawa rafiki wa mkosaji, au mkosaji mwenyewe.

Shauri hili ni la zamani katika Kenya. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa City of London, aliletwa nchini awe Kamishna wa Polisi. Alikuta malalamiko mengi juu ya Home Guard waliokuwa wakiwapiga watu na hata kuwaua, akataka makachero wayachunguze pasipo kuingiliwa na maofisa wa utawala. Gavana, Sir Evelyn Baring, hakuwa tayari kumpa uhuru huo. Young alijiuzulu kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Januari 1955 Gavana akatangaza msamaha uliowakinga Home Guard wasishtakiwe kwa makosa yaliyopita. Wabunge wa London walidai ripoti ya Young isomwe hadharani, Serikali ikakataa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, walakini desturi ya polisi kuchunguzana wenyewe kwa wenyewe ilibaki. Ilichukua msiba mkubwa kuitikisa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia katika machafuko, na Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliokufa, 405 kati yao wakiwa wamepigwa risasi. Tume ilishauri kiundwe chombo kilicho nje ya polisi cha kupokea malalamiko ya raia. Katiba mpya ikapitishwa mwaka 2010, na sheria ya mwaka 2011 ikaunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi huiita IPOA. Bodi yake ya kwanza, chini ya wakili Macharia Njeru, ilianza kazi mwaka 2012.

Nguvu za Mamlaka hiyo si ndogo. Yaweza kuingia vituoni na kukagua mahabusu, kuita mashahidi, na kudai hati. Askari akisababisha kifo au jeraha kubwa, polisi wanalazimika kisheria kuiarifu. Ndani ya polisi wenyewe kipo pia kitengo cha kuchunguza makosa ya nidhamu, na askari mnyofu anayeonewa na mkubwa wake aweza kupeleka malalamiko kama raia yeyote.

Faida ya mchunguzi wa nje ilionekana katika shauri la kituo cha Ruaraka, jijini Nairobi. Desemba 2013 mtu mmoja alikamatwa kwa ugomvi wa nyumbani, akafa baada ya kupigwa akiwa mikononi mwa polisi. Maelezo ya kituo yalikuwa ya kwamba alipigwa na mahabusu wenzake, na mmoja wao akashtakiwa kwa mauaji. Wachunguzi wa IPOA walipoingia, ushahidi uliwaongoza kwa mkuu wa kituo. Mahabusu yule akafutiwa mashtaka, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamtia hatiani mkuu huyo. Kama faili lingebaki mezani pake, si vigumu kukisia ni nani angefungwa.

Walakini IPOA haishtaki. Ikimaliza uchunguzi hupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua. Kutoka hapo njia ni ndefu: mashahidi huhama, askari huhamishwa, kesi huahirishwa. Maelfu ya malalamiko yamepokewa tangu mwaka 2012, na waliohukumiwa ni wachache mno. Wananchi wanaolalamikia jambo hilo hawakosei.

Tena kuna hatari. Aprili 2015 mwendesha pikipiki mmoja alipigwa risasi mkononi na polisi wa utawala karibu na Syokimau, kisha akafunguliwa mashtaka yeye. Akapeleka malalamiko IPOA, na wakili Willie Kimani wa shirika la International Justice Mission akasimama kumtetea. Tarehe 23 Juni 2016, walipokuwa wakitoka mahakama ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi huko Syokimau. Kimani aliandika maneno machache kwenye karatasi ya msalani akaitupa nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Mpita njia aliiokota. Siku chache baadaye maiti zao zilionekana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk.

Kesi ilikwenda miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyewasaidia; Februari 2023 askari aliyempiga risasi mlalamikaji alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Sheria ilifanya kazi, lakini ilifanya kazi makaburini. Palipokosewa ni mapema zaidi: askari aliyelalamikiwa alibaki kazini na bunduki yake, akijua anayemlalamikia ni nani na siku yake ya kufika kortini. Nchi ilikuwa na Sheria ya Kuwalinda Mashahidi tangu mwaka 2006, na mwendesha pikipiki yule ndiye aliyestahili ulinzi huo kuliko wengi.

Kwa hiyo mwenye malalamiko mazito na aombe ulinzi mapema, na akitaka jina lake lifichwe aseme hivyo tangu mwanzo. Kulalamika IPOA hakulipiwi. Mtu aweza kwenda mwenyewe au kuandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza. La muhimu ni yaliyomo: tarehe na saa, mahali, namba ya askari au ya gari lake, na majina ya walioona. Aliyeumizwa aende hospitali siku ile ile, ajaziwe fomu ya P3, na karatasi zote azitoe nakala kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Akumbuke pia ya kuwa Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama, na ya kuwa fedha za dhamana zinazolipwa kituoni lazima zitolewe stakabadhi. Aliyelipa akanyimwa stakabadhi anaweza kuandika barua yake siku hiyo hiyo, ingawa fedha zenyewe ni shilingi 500.