Ndani ya Kompyuta, Sehemu ya 6: Nani Alizidisha kwa Nane?

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Garissa ya Januari 2025, iliyofuta matokeo ya sensa ya 2019 kwa kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, imejadiliwa kila mahali hapa Wajir. Wengi wanaipima kwa viti vya ubunge na mgao wa fedha, na ni haki yao. Mimi nitaigusa upande ambao sijasikia mwanasiasa akiutaja: programu zenyewe. Sensa ile ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa tableti badala ya karatasi. Kati ya karani aliyesimama mlangoni Tarbaj au Buna na takwimu iliyochapishwa Nairobi kwamba Wajir ina watu 781,263, palikuwa na programu zilizopokea, zikahakiki, zikajumlisha. Nani alizitazama zikiwa kazini?

Waliofuata mfululizo huu wanajua kiini cha mfumo endeshi ni nini, na kwa nini programu ya kawaida haigusi kumbukumbu wala diski bila idhini yake. Sitayarudia hayo. Leo nataka kuonyesha jinsi kiini hichohicho kinavyoweza kufanywa shahidi.

Chukueni uchaguzi wa Machi 2013. Skrini za Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura, zilionyesha kura zilizokataliwa zikipanda hadi kupita 300,000, na nchi nzima ikashika roho mkononi. Baadaye tume ya uchaguzi, chini ya mwenyekiti Ahmed Issack Hassan, ikaeleza kwamba programu ilikuwa na hitilafu: kila kura iliyokataliwa ilizidishwa kwa nane. Hesabu ya mwisho, iliyotoka kwenye fomu za karatasi, ilikuwa 108,975. Umma uliona kwanza takwimu isiyoingia akilini, ndipo maelezo yakafuata. Je, kama ingezidishwa kwa moja nukta moja, nani angeshtuka?

Wataalamu hujibu kwamba kuna logi, yaani kumbukumbu ya matukio inayoandikwa na programu. Ni kweli, na mwaka 2017, katika kesi ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu iliamuru walalamikaji wafunguliwe seva na logi za tume, waruhusiwe kusoma tu. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu, na majaji walio wengi waliizingatia hali hiyo walipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Lakini hata kama milango yote ingefunguliwa, logi ni daftari la mwenye duka: hulijaza mwenyewe, na huchagua cha kuandika. Programu inayozidisha kwa nane bila kujua itaandika kwenye logi kwamba mambo ni shwari.

Tatizo hili lina umri sawa na kompyuta, na ndilo lililonivuta kwenye elimu hii tangu ujana. Mashine ya EDSAC ya Cambridge, Uingereza, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Miaka miwili baadaye, kijana aitwaye Stanley Gill akachapisha makala katika jarida la Royal Society kuhusu namna ya kutafuta makosa ya programu. Aliandika programu inayoshika programu nyingine, kuisoma amri baada ya amri, kuitekeleza kwa niaba yake na kuchapa kila ilichopitia. Ukitaka kujua hesabu ilipotoka njia, unafuata karatasi. Ni kazi ya kupendeza hadi leo! Kasoro yake ni kwamba programu iliyochunguzwa hivyo ilijikokota, na haikuwa tena ikienda yenyewe.

Kwa miongo mingi iliyofuata njia za kawaida zilikuwa mbili: kuisimamisha programu ili kuitazama, au kuiandika upya ikiwa na maelezo zaidi. Zote hazifai usiku wa kujumlisha kura. Kampuni ya Sun Microsystems ilichangia sana kuuvunja ukuta huo. Bryan Cantrill, Mike Shapiro na Adam Leventhal walieleza zana yao DTrace mwaka 2004, na mwaka 2005 ikatoka ndani ya mfumo endeshi wa Solaris 10. Mtu aliweza kuuliza swali mfumo uliokuwa ukihudumia watu, akajibiwa, na mfumo usisimame. Upande wa Linux, IBM ilikuwa imeleta kazi yake ya DProbes mwaka 2000, yenye mizizi katika mfumo endeshi wa OS/2. Sehemu inayodadisi kiini chenyewe ilikubaliwa katika toleo la 2.6.9, mwaka 2004. Kudadisi programu za watumiaji kulichelewa sana. Wahandisi wa IBM nchini India, Srikar Dronamraju akiwa mstari wa mbele, walipeleka rasimu, zikakosolewa, wakaandika upya, zikakosolewa tena. Walikubaliwa Julai 2012, katika toleo la 3.5, na kidadisi hicho kinaitwa uprobes. Nawaomba vijana wetu waliosomea kompyuta waitazame miaka hiyo. Kuna wanaoridhika kujua kusakinisha programu za wengine, na hali mlango wa kuzihoji uko wazi na haulipiwi hata senti.

Ufundi wenyewe ni huu. Unakitajia kiini faili ya programu na mahali ndani yake, tuseme mwanzo wa kazi inayojumlisha. Kiini hakigusi faili iliyoko diskini. Kinanakili ukurasa husika katika kumbukumbu, na kwenye mashine za aina ya Intel kinabadilisha baiti moja tu kuwa 0xCC, amri ya mtego. Programu ikifika pale, kichakataji kinakirudishia kiini usukani. Kiini kinaandika saa, namba ya mchakato na vilivyomo katika rejista, kisha kinaitekeleza amri ya asili pembeni, katika nafasi ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo, na programu inaendelea. Ukitega pia njia ya kurudi, unapata jibu lililotoka. Basi kwenye programu ya 2013 ungeona, mstari kwa mstari: zimeingia kura 5, zimetoka 40, zimeingia 12, zimetoka 96. Asubuhi ileile mkosaji angejulikana. Zana kama bpftrace hufanya hayo kwa mstari mmoja wa maandishi. Gharama ni ndogo, ila ukitega mahali panapopitiwa mara milioni kwa sekunde mashine italemewa.

Silaha hii ina makali pande mbili. Mwenye mamlaka ya juu kwenye seva anaweza kutega maktaba ya usimbaji na kusoma ujumbe kabla haujafichwa. Kwa hiyo anayetega atege mbele ya mashahidi, kwa maswali yaliyoandikwa kabla, na jina la mtu lisionekane. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inadai taarifa za watu zilindwe.

Nirudi kwenye sensa. Mwaka 1999 mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa watu 962,143. Mwaka 2009 ukapata 2,310,757, na Agosti 2010 waziri Wycliffe Oparanya akafuta matokeo ya wilaya nane nchini, Wajir Mashariki ikiwamo. Januari 2025 Mahakama Kuu nayo ikafuta ya 2019. Kidadisi hakiwezi kusema kama karani aliandika watu hewa chini ya mti. Hilo ni la wazee na machifu. Kinachoweza kusema ni kama idadi iliyoondoka kwenye tableti Wajir ndiyo iliyojumlishwa Nairobi, na kama kuna programu iliyoipunguza au kuiongeza njiani, kwa amri gani na saa ngapi.

Hesabu ikirudiwa, masharti ya zabuni yadai mambo matatu. Kiini cha seva kijengwe na uwezo wa uprobes ukiwa umewashwa. Programu za kujumlisha ziletwe bila kunyolewa majina ya kazi zake, ili mdadisi ajue pa kutega. Na kila kaunti iteue mhandisi wake mmoja wa kukaa kwenye chumba cha seva, mwenye ruhusa ya kutega maswali yaliyokubaliwa, tangu tableti ya kwanza itume data hadi jumla ya mwisho itiwe sahihi.