Mkono, Ubongo na Jiwe la Kariandusi: Nafasi ya Uhalisia Pepe katika Utafiti wa Ujifunzaji wa Stadi

Wahenga walinena kuwa papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kauli hii huhimiza subira, lakini pia inagusa swali linalowashughulisha wataalamu wa ubongo: mtu anaporudia tendo la mkono mpaka akalimudu, ni nini hubadilika kichwani mwake? Makala haya yanafafanua jinsi swali hilo linavyochunguzwa na nafasi ya uhalisia pepe katika uchunguzi huo. Mfano unaotumika unatoka Kariandusi, karibu na Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru.

Louis Leakey na wenzake walianza kufukua Kariandusi mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapo yalipatikana mashoka mengi ya mkono ya utamaduni wa Asheuli, yenye umri wa takribani miaka milioni moja. Baadhi yalichongwa kwa lava, mengine kwa obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkeno ling'aalo mithili ya kioo. Shoka la namna hii halipatikani kwa kugonga ovyo. Mchongaji hushika jiwe kwa mkono mmoja na nyundo ya jiwe kwa mwingine, huchagua pembe, hukadiria nguvu, kisha hubandua kibanzi kinachoandaa mahali pa pigo lifuatalo. Pigo moja baya laweza kuharibu kazi yote. Je, stadi hiyo ilirithishwa kwa maneno, au kwa kutazama na kuiga tu?

Ubongo wa mchongaji wa kale haukubakia. Kwa sababu hiyo, watafiti huwachunguza watu wa leo wanaochonga mawe kwa mbinu zile zile. Ugumu ni kwamba mashine nyingi za kupiga picha za ubongo humtaka mtu alale bila kutikisika, ilhali mchongaji hana budi kusogea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Dietrich Stout na wenzake waliukwepa ugumu huo kwa kuwadunga wachongaji stadi sukari yenye mnururisho hafifu. Sukari hiyo hufyonzwa zaidi na sehemu za ubongo zinazofanya kazi, na picha hupigwa baada ya kuchonga. Ilibainika kuwa uchongaji wa Asheuli ya baadaye uliamsha eneo la upande wa kulia wa ubongo linalolingana na eneo la Broca la upande wa kushoto, ambalo tangu mwaka 1861 limehusishwa na usemaji.

Mwaka 2017, Shelby Putt na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti mwingine uliowahusisha watu 31. Washiriki walivaa kofia inayopenyeza mwanga kichwani ili kupima oksijeni katika damu ya ubongo wakiwa wanachonga. Kundi moja lilifundishwa kwa video yenye maelezo ya mdomo, na jingine kwa video isiyo na maneno. Ruwaza za ubongo za makundi hayo zilitofautiana. Kwa waliojifunza bila maneno, shoka la Asheuli lilihitaji kumbukumbu tendaji na upangaji wa miendo kuliko zana sahili za Oldowani, utamaduni uliopewa jina la Olduvai, Tanzania. Matokeo haya hayathibitishi kwamba watu wa kale hawakuwa na lugha. Yanaonyesha kuwa namna ya kufundisha huacha alama yake katika ubongo, na kwamba asiyeizingatia anaweza kudhani ameona athari ya jiwe kumbe ameona athari ya maneno.

Hapo ndipo uhalisia pepe unapofaa. Miwani maalumu humzungushia mtu mandhari iliyoundwa na kompyuta, huku vihisio vikifuatilia mikono yake. Jiwe halisi halifanani na jingine. Jiwe pepe laweza kurudiwa mara mia likiwa lile lile, kwa washiriki wote. Mtafiti anaweza kuondoa maelezo au kubadilisha pembe, na kulinganisha kila mwendo na mawimbi ya umeme ya ubongo yanayonaswa na elektrodi. Anaweza hata kuupotosha mkono unaoonekana ili uelekee kando ya mkono halisi. Mshiriki hukosea, kisha hujirekebisha hatua kwa hatua. Serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo, hushiriki sana katika marekebisho hayo.

Hata hivyo, jiwe pepe halina uzito, wala pigo lake halitikisi kiganja. Isitoshe, kutikisika kwa kichwa huvuruga vipimo vya umeme. Kwa hiyo, stadi iliyopatikana katika ulimwengu pepe haina budi kujaribiwa kwenye jiwe halisi.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, suala hili si la maabara peke yake. Gonga, piga, mega, bandua na chonga ni vitenzi vinavyobainisha matendo tofauti ya mkono. Iwapo utafiti kama huu utafanywa Gilgil au Njoro kwa Kiswahili, uteuzi wa kitenzi katika maelekezo utakuwa sehemu ya jaribio lenyewe. Atakayeyatafsiri maelekezo hayo atakuwa ameshika sehemu ya kipimo.