Mchezaji Akiwa Mwalimu: Maisha ya Bi Kidude na Nafasi ya Fundi wa Ngoma katika Shule za Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya maisha ya mwanamke anayecheza na kufundisha ngoma ya kiuno, na yanauliza ni sehemu ipi ya safari hiyo inayotambuliwa na sera za utamaduni na elimu. Mfano mkuu ni Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyekuwa mwimbaji wa taarabu na kungwi wa unyago. Hoja yetu ni kwamba kutumbuiza na kufundisha ni kazi mbili zinazokaa ndani ya mtu mmoja. Tuzo na matamasha huiona ya kwanza, ilhali urithi hupita katika ya pili. Hoja hiyo inahusishwa na hali ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ambako sanaa za maonyesho na Kiswahili vimepewa nafasi katika mitaala bila ya fundi wa ngoma kupewa nafasi yake.

1. Utangulizi

Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza kutumika mwaka 2020, umeweka Sanaa za Maonyesho miongoni mwa masomo ya kuchagua. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya mawili yalifanywa kwa nyakati na sababu tofauti, lakini yanakutana darasani. Mwalimu wa Kasese anayetaka kufundisha ngoma anahitaji ujuzi wa mwili, ambao haumo vitabuni. Anahitaji pia lugha ya kuueleza ujuzi huo kwa wanafunzi wa asili mbalimbali. Ujuzi wenyewe wanao watu wengine: wanawake na wanaume waliojifunza ngoma tangu utotoni, wengi wao wakiwa hawana cheti chochote cha ualimu.

Swali la makala haya ni hili: mtu wa namna hiyo huwaje mwalimu, na dola imtambue kwa lipi? Ili kulijibu tunatumia maisha ya Bi Kidude, kwa kuwa ni miongoni mwa maisha ya wachezaji wa Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa kwa wingi katika kanda, filamu na mahojiano, na kwa kuwa aliyaishi kwa Kiswahili. Kisha tunarejea Kasese na Bwera kuona ni lipi katika mfano huo linafaa na lipi halifai kuhamishwa.

2. Ngoma ya kiuno na majina ya mchezaji wake

Kwa "ngoma ya kiuno" tunakusudia uchezaji ambao kiini chake ni mwendo wa nyonga na tumbo, huku sehemu nyingine za mwili zikiufuata. Ni familia pana. Misri ina raksi sharki, ambayo Ulaya na Marekani hujulikana kama ngoma ya tumbo. Pwani ya Waswahili ina msondo wa unyago. Buganda ina baakisimba, iliyochunguzwa kwa kina na Sylvia Nannyonga-Tamusuza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu jinsia katika ngoma hiyo. Toro na Bunyoro zina runyege na ntogoro, ambamo wanaume hufunga njuga miguuni na wanawake hujibu kwa viuno. Hatudai kwamba ngoma hizi zina chimbuko moja. Tunachosema ni kwamba zinampa mchezaji wake tatizo moja la kijamii: mwendo uleule husomwa kama ufundi, kama mafunzo au kama uchafu, kutegemea nani anatazama na wapi.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha jambo hili kwa majina yake. Anayenengua mbele ya bendi ya dansi huitwa mnenguaji, na jina hilo mara nyingi hubeba dharau kidogo. Anayemfundisha mwari mwendo huohuo ndani ya ua uliofungwa huitwa kungwi au somo, na huamkiwa kwa heshima. Tofauti ya hadhi haitokani na kiuno. Inatokana na kazi. Mnenguaji anaonyesha, kungwi anafundisha. Yapo pia maneno mengine yanayofaa kuingia katika lugha ya sera, nayo ni "fundi" na "mwalimu wa ngoma", kwa kuwa yanataja ujuzi bila ya kumfunga mtu katika mila ya jamii moja.

3. Bi Kidude: kutoka kusikiliza hadi kufundisha

Fatuma binti Baraka alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa mchuuzi wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Makadirio mengi yanautaja muongo wa 1910. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kati ya miaka hiyo, safari yake inaweza kugawanywa katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya kusikiliza. Akiwa mtoto alimsikiliza Siti binti Saad (1880–1950), mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili na ambaye baadaye aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Hapakuwa na darasa. Palikuwa na baraza, sikio na subira. Mafunzo ya aina hii hayana tarehe ya kuanza wala ya kumaliza, na ndiyo maana mfumo wa vyeti hushindwa kuyaona.

Hatua ya pili ni ya kutumbuiza. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliikimbia ndoa aliyolazimishwa akiwa msichana, akazunguka sehemu nyingi za bara kwa miguu akiimba, kisha akarudi Unguja. Uzeeni alipanda majukwaa ya Ulaya na Asia, na mwaka 2005 alipokea tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Filamu ya Andy Jones kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2006.

Hatua ya tatu, ambayo kwa hakika ilikwenda sambamba na ya pili, ni ya kufundisha. Bi Kidude alikuwa kungwi. Alipiga ngoma ya msondo akiwa ameifunga kiunoni kwa kanga na kuipanda kama farasi, akiwaongoza wanawake waliokusanyika kumfunda mwari. Alikuwa pia mtaalamu wa hina na dawa za miti shamba. Kazi hizi zote zilikuwa za mtu mmoja, naye alizijua mipaka yake: kilichofaa jukwaani na kilichobaki uani havikuwa kitu kimoja.

Unyago haukuzaliwa Zanzibar peke yake. Ulifika visiwani pamoja na watu wa bara, wengi wao wakiwa wameletwa kwa nguvu katika biashara ya watumwa, na baada ya utumwa kukomeshwa ukawa miongoni mwa mahali ambapo wanawake wa Ng'ambo walijenga udugu mpya. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Zanzibar, ameeleza jinsi ngoma za kufunda wasichana zilivyowaunganisha wanawake wa asili tofauti katika kipindi hicho. Kwa hiyo kungwi hakuwa mlinzi wa mila iliyosimama. Alikuwa mwalimu aliyeichukua ngoma kutoka kwa watu mbalimbali na kuipa mpangilio mahali papya.

4. Kinachotuzwa na kinachorithishwa

Tukiyatazama maisha haya kwa jicho la sera, tunaona pengo. Hatua ya pili ilipata tuzo, kanda, filamu na malipo, hata kama malipo hayo yalichelewa. Hatua ya tatu haikupata taasisi. Kungwi hulipwa na familia ya mwari, kwa fedha au kwa zawadi, na anapofariki hakuna ofisi inayojua kwamba nafasi ya mwalimu imekuwa wazi.

Historia ya Misri inaonyesha kwamba pengo hili si la lazima. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake mjini Cairo. Ukumbi huo ulikuwa wa biashara, lakini ulikuwa pia mahali pa kujifunzia kazi, na humo walitokea Tahiya Carioca na Samia Gamal, waliokuja kuwa nyota wa sinema. Mwaka 1959 Mahmoud Reda aliunda kundi lililoipeleka ngoma ya Misri kwenye jukwaa la kitaifa, na mtindo wake ukafundishwa kwa vizazi vilivyofuata. Katika mifano yote miwili, ufundishaji ulipata mahali pake na mtu wa kuulipia.

Afrika Mashariki imejenga zaidi upande wa maonyesho. Tamasha la utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, lilianza Kigali mwaka 2013 na limezunguka miji kadhaa. Nchini Uganda, mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo yana historia ndefu. Mashindano haya yana faida kubwa, lakini yana kasoro moja ya kimuundo: yanapima dakika chache za jukwaani. Shule humwita fundi wiki chache kabla ya siku yenyewe, watoto hukariri miondoko, kombe hupatikana, na fundi hurudi nyumbani. Kilichonunuliwa ni onyesho, si elimu.

5. Kasese na Bwera

Kasese ni mahali pagumu pa kufanyia makosa ya aina hii. Wilaya hiyo, iliyotengwa na Toro mwaka 1974, ni makazi ya Bakonzo, Basongora, Banyabindi, Batooro na wengine waliovutwa na reli iliyofika mwaka 1956 na machimbo ya shaba ya Kilembe. Vuguvugu la Rwenzururu lililoanza mwaka 1962 lilikuwa, pamoja na mambo mengine, madai ya Bakonzo na Baamba ya kutambuliwa kwa lugha na utamaduni wao ndani ya ufalme wa Toro. Peter Cooke na Martin Doornbos walionyesha mwaka 1982 jinsi nyimbo zilivyobeba madai hayo. Katika mazingira hayo, uamuzi wa shule kufundisha runyege ya Toro badala ya ngoma ya Bakonzo, au kinyume chake, hausomwi kama uamuzi wa somo tu. Unasomwa kama jibu la swali la nani ni mwenyeji.

Bwera inaongeza ugumu mwingine. Mji huo uko karibu na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande ule ni jamii moja kwa asili, wenye lugha inayoelewana, na Kiswahili ni lugha ya biashara sokoni. Serena Facci, katika makala yake ya mwaka 2009, alizichunguza ngoma za jamii hizi mbili kwa kuuvuka mpaka. Funzo kwa mtunga sera ni wazi: orodha ya mafundi wa ngoma itakayoishia kwenye kizuizi cha forodha itakuwa orodha ya nusu ya mafundi.

Je, mfano wa unyago unaweza kuhamishiwa hapa? Kwa sehemu tu. Bakonzo na Baamba wana jadi ya kuwatahiri wavulana, lakini unyago wa pwani si mila yao, na kuuingiza shuleni kungekuwa kosa la kiutamaduni na la malezi. Mafunzo ya ndoa ni ya watu wazima na ya mahali pake. Kinachohamishika ni utaratibu wa kufundisha: mwanafunzi husikiliza kwanza, hucheza nyuma ya wakubwa, husaidia kufundisha, kisha hufundisha.

Lipo pia suala la hofu. Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 iliwaacha wachezaji wengi na wasiwasi kuhusu mwendo upi ungehesabiwa kuwa kosa. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vya msingi, ikiwamo tafsiri yenyewe ya ponografia. Sheria imelegea, lakini mwalimu mkuu anayeogopa malalamiko ya wazazi bado anahitaji mwongozo wa maandishi unaotenganisha ufundi wa mwendo na mafunzo ya faragha.

6. Mapendekezo

Kwanza, ujuzi wa fundi utathminiwe kama ujuzi. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ya Uganda ilikuwa ikitathmini stadi ambazo watu walizipata kazini bila ya kupita chuoni. Ngoma iingizwe katika utaratibu huo, na jopo la tathmini liwe na mafundi wenyewe, si walimu wa vyuo pekee.

Pili, fundi alipwe kwa muhula, si kwa onyesho. Malipo ya muhula ndiyo yanayomwezesha kufundisha hatua zote badala ya kukaririsha kipande cha mashindano.

Tatu, shule za Kasese zifundishe ngoma zaidi ya moja, na kila moja ifundishwe na mtu wa jamii yake. Masimulizi ya Koogere, ya Basongora, Banyabindi na Batooro, yaliyoingizwa mwaka 2015 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, yanatukumbusha kwamba urithi mmoja unaweza kuwa wa jamii kadhaa bila ya ugomvi.

Nne, Kiswahili kitumike kueleza, si kufuta. Majina ya ngoma, ala na miondoko yabaki katika Lhukonzo, Lutooro na lugha nyingine za wenyewe. Maelezo ya namna ya kukunja goti, kushusha uzito na kuzungusha nyonga yaandikwe kwa Kiswahili ili yasomeke Bwera na Kasindi vilevile.

Tano, siri iheshimiwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi ziwezeshe watu kuufikia urithi huku zikiheshimu taratibu za kimila zinazosimamia ufikiaji wa vipengele fulani. Fundi awe na haki ya kusema kwamba jambo hili halirekodiwi.

7. Hitimisho

Bi Kidude alitumbuiza mpaka uzeeni, na dunia ikamtambua kwa hilo. Wanawake wa Unguja walimtambua mapema zaidi, kwa sababu nyingine: aliwafundisha. Shule za Kasese na Bwera zina nafasi ya kuanzia pale ambapo tuzo hazikufika. Kipimo cha sera nzuri ya ngoma hakitakuwa idadi ya makombe kabatini. Kitakuwa idadi ya vijana ambao, miaka kumi baada ya kuhitimu, wataweza kumfundisha mtu mwingine.