Jukwaa lisilo na paa: maigizo ya Beni na Butembo yalikotoka na yanakorudi

Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura, lakini miji yetu ya Beni na Butembo, mashariki ya nchi, haikupiga. Siku chache kabla, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba kwetu uchaguzi umesogezwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama mbovu. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakaachwa nje, na rais mpya akaapishwa Januari 2019 wao wakiwa bado wanangoja. Mjini Beni watu walikataa kungoja. Walijipanga mistari asubuhi, wakanawa mikono kama masharti ya Ebola yalivyotaka, wakapita mbele ya wasimamizi waliowachagua wenyewe, wakatumbukiza karatasi sandukuni, kisha wakahesabu. Kila aliyesimama kwenye mstari ule alijua kwamba Kinshasa haitaihesabu kura yake.

Mimi naihesabu siku ile katika historia ya maigizo ya kwetu, tena katika kurasa zake za mbele. Palikuwa na wahusika, palikuwa na vifaa, palikuwa na mpangilio ambao kila mtu aliujua, na palikuwa na jambo lisiloweza kusemwa kwa njia nyingine. Nasema hivi kwa ajili ya vijana wetu waliokulia Kampala, Nairobi, Brussels au Montréal. Wakiuliza kama nyumbani kuna maigizo, sisi wakubwa hujibu upesi kwamba vita vimemaliza yote. Jibu hilo si kweli. Maigizo yapo, na yana mizizi mirefu. Tatizo ni kwamba tunayatafuta ndani ya jengo lenye pazia na tiketi mlangoni, na kwetu hayakupitia huko.

Yalianzia motoni. Katika vijiji vya Wanande, watu wa kwetu, kyaghanda ilikuwa nyumba ya wanaume penye moto katikati. Humo mgeni alipokewa, ugomvi uliamuliwa, na vijana walifunzwa mila. Hadithi za jioni, pale na kwenye mafiga ya akina mama, hazikusomwa wala kuhubiriwa, zilichezwa. Msimulizi alibadili sauti akawa fisi, akawa mama mkwe, akawa mfalme, na waliokaa wakaitikia wimbo mahali pake. Asiyeitikia alionekana amesinzia. Ukilishika hilo umeshika kiini cha yote yatakayofuata: kwetu mtazamaji hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kimya.

Wamisionari Waasumpsionisti walifika Beni mwaka 1929, na pamoja na shule na parokia ukaja mchezo wa aina nyingine, wenye maneno ya kukariri. Krismasi na Pasaka zilitoa hadithi, mwisho wa mwaka wa shule ukatoa hadhira. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yakawa na vikundi vyao vya vijana. Nani kati yetu hakuwahi kuona Herode wa darasa la sita akimfokea mjumbe wake mbele ya wazazi waliobeba watoto mgongoni? Shuleni mchezo ulikuwa wa Kifaransa. Kwenye uwanja wa kanisa ulikuwa wa Kiswahili au Kinande, na huko ndiko watu walikocheka hadi machozi.

Kisha akaja Rais Mobutu. Kuanzia miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, kila shule, kila kampuni na kila ofisi ililazimika kuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi na chama chake, MPR. Wengine husema enzi ile ilikuza sanaa, na ni kweli kwamba ngoma nyingi zilipata nafasi. Lakini naamini hasara ilikuwa kubwa zaidi. Watu walijifunza kwamba jukwaani ndipo mtu anaposema asiyoyaamini, huku mkubwa akikagua nani anatabasamu. Kuponya jeraha la namna hiyo huchukua muda mrefu.

Hata hivyo katika miaka ileile, mbali kusini, Lubumbashi ilionyesha njia nyingine. Kundi la Mufwankolo lilikuwa likicheza kwa Kiswahili cha mitaani, redioni na kwenye televisheni, bila maandishi ya kukariri. Walikubaliana tu juu ya kisa na mfuatano wake, kisha kila mmoja akajaza maneno yake papo hapo. Mwaka 1986 walitunga mchezo kuhusu methali isemayo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Mtafiti Johannes Fabian alikuwapo, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kizima juu ya mchezo huo mmoja. Chini ya pua ya utawala wa Mobutu, watu wa kawaida waliuliza mamlaka ni nini na nani ana haki ya kuyagawa. Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho wengine hukidharau, kilitosha kabisa kubeba swali hilo.

Kwetu ufufuo ulikuja kwa njia ya vita. Baada ya vita vya 1996 na 1998, Beni na Butembo zilijikuta chini ya waasi, zikiwa na wakimbizi, mashamba yenye wenyewe wawili, na majirani wasiosalimiana. Mwaka 2001 shirika la Search for Common Ground lilianza kazi Kongo kwa jina la Centre Lokole, na baadaye likafundisha vikundi katika mashariki ya nchi njia ya maigizo ya kushirikisha watu. Asili yake ni Brazili, kwa Augusto Boal, aliyeanza kazi hiyo chini ya utawala wa kijeshi. Lakini mtu wa kyaghanda akiiona hashangai sana.

Inafanyika hivi. Waigizaji wanafika kijijini mapema na kazi yao ya kwanza ni kusikiliza: sokoni, kwenye kisima, kwa chifu, kwa wajane. Hawaulizi habari za amani, wanauliza nani hapatani na nani. Jioni wanakaa kutunga. Tuseme ugomvi ni wa shamba la kakao karibu na Oicha: familia moja ilikimbia mauaji, nyingine ikaja ikavuna, na sasa wa kwanza wamerudi. Kesho yake, mchana kweupe, watu wanazunguka duara na mchezo unaanza. Mwenye shamba anaitwa Paluku, mvunaji anaitwa Kambale. Majina hayo yana akili nyingi. Kwa Wanande jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, Kambale akiwa mtoto wa kiume wa pili, kwa hiyo kila ukoo una Kambale wake. Hakuna anayeweza kusimama na kudai kwamba ametajwa yeye.

Ugomvi unapanda. Panga linainuliwa. Hapo hapo mwongozaji anapiga makofi na wachezaji wote wanaganda kama walivyo, panga likiwa hewani. Anawageukia watu: mmeona nini? Haya yanatokea hapa? Nani angefanya tofauti? Kwanza hunyamaza. Kisha mama mmoja husema kutoka nyuma kwamba Kambale ana watoto, naye alikimbia kutoka kijiji kingine. Mwongozaji hamshukuru akamwacha akae, humwomba aingie uwanjani achukue nafasi ya Kambale na aonyeshe. Anaingia, anafunga kitenge vizuri, anaanza kusema. Mwingine anapinga, naye anaingia. Saa moja baadaye mchezo si wa wageni tena. Suluhisho linaweza lisipatikane siku hiyo, lakini watu wawili walioogopana wamesikia hoja ya mwenzao ikitoka mdomoni mwa mtu wa tatu.

Mauaji yaliyoanza karibu na Beni Oktoba 2014 yalibana nafasi hiyo vibaya. Amri za kutotembea usiku ziliua jioni, na jioni ndiyo saa ya hadithi. Kukusanya watu mahali pamoja kukawa hatari yenyewe. Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa na wagonjwa zaidi ya 3,400 na vifo zaidi ya 2,200. Fedha nyingi zilimiminika, na sehemu yake ikaenda kwenye maigizo ya kufundisha watu kuhusu kunawa, chanjo na mazishi salama.

Hapa sitaki kuzunguka maneno. Baadhi ya michezo ile ilisaidia, hasa iliyowaachia wafiwa nafasi ya kusema uchungu wa kuona maiti ya mzazi ikibebwa na watu waliovaa nguo za plastiki. Lakini mchezo ambao jibu lake limeandikwa kabla ya swali kusikilizwa ni mahubiri yaliyovishwa kanzu ya maigizo, na watu wa Katwa au Beni walilinusa hilo haraka. Walikuwa wameona wenzao wakichinjwa kwa miaka minne bila magari meupe ya mashirika kufika. Mitaani watu walisema Ebola ni biashara. Mwigizaji aliyeruhusiwa kuweka kauli hiyo katikati ya duara na kuijadili alisikilizwa. Aliyepewa karatasi ya ujumbe wa kukariri alipigiwa kelele. Fedha zilipokwisha, vikundi vingi vya namna hiyo vilikwisha nazo.

Ndiyo maana kila nikifikiria maigizo ya Butembo nairudia Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa huko, pamoja na waandishi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, walitayarisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji wakayasahihisha maneno, maana maisha yaliyochezwa yalikuwa yao. Jukwaa la wazi la watu 2,000 walilijenga kwa mikono yao. Serikali ilifuta kibali Novemba mwaka huohuo, Ngugi wa Thiong'o akafungwa bila mashtaka mwisho wa Desemba, na mwaka 1982 askari wakalibomoa jukwaa. Mchezo wenyewe haukufa: mwaka 2022 ulirudi mbele ya watazamaji Nairobi. Hakuna mfadhili aliyekuwa na uwezo wa kuufunga kwa kumaliza bajeti.

Na je, kuna mji Kongo unaojua kujijengea kuliko Butembo? Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, enzi za Askofu Emmanuel Kataliko, serikali ikiwa haina habari nasi. Wafanyabiashara walichangia barabara na uwanja wa ndege wa Rughenda. Salongo, yaani kazi ya pamoja, kwetu si neno la kwenye hotuba tu. Mji uliofanya hayo yote umeiachia miradi ya miezi sita maigizo yake, na hilo linaniuma.

Tangu Mei 2021 kwetu kuna utawala wa kijeshi, na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025 ndugu wengi zaidi wa Lubero wametafuta hifadhi kaskazini. Katika hali hiyo vijana bado wanacheza. Wanarekodi vichekesho kwa Kinande na Kiswahili kwa simu, uani, kuku wakipita, na sisi tulio mbali tunatumiana kwenye vikundi vya WhatsApp tukicheka. Dhihaka ya mkwe mchoyo au afisa wa kizuizi cha barabarani inafanya kazi ya zamani ya motoni. Kinachokosekana kwenye simu ni yule mama wa nyuma anayeitwa aingie uwanjani.

Vyama vyetu vya Kyaghanda huku ugenini hukusanya michango ya misiba, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Naomba tuweke kando sehemu ndogo, kila mwezi na bila nembo ya mtu, kwa kikundi kimoja Butembo na kingine Beni. Iwe posho ya waigizaji, nauli ya pikipiki hadi Oicha au Musienene, na turubai la mvua. Wachezaji wachague kisa wenyewe, wacheze mchana siku ya soko, na anayetaka kujua fedha zake zimefanya nini apige simu na kuuliza ni nani aliyeingia duarani safari hii, na alisema nini.