Usawiri wa Vita vya Nasaba katika Sanaa: Picha ya Mawaridi na Utendi wa Fumo Liyongo

Sanaa inayosawiri vita vya kugombea ufalme huteua pia mahali pa kuonesha chanzo na gharama yake. Vita vya Mawaridi nchini Uingereza (1455–1487) vilitokana na madai ya Lancaster na York, matawi mawili ya ukoo mmoja wa kifalme. Hata hivyo, picha ya Henry Payne iliyomo katika jengo la Bunge, London, inawaonesha makabaila wakichuma mawaridi mekundu na meupe bustanini. Tukio hilo ni ubunifu wa Shakespeare. Picha imerithi jukwaa, si kumbukumbu za vita.

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una uteuzi tofauti. Masimulizi ya pwani yanataja mgogoro wa urithi baina ya Liyongo na nduguye, Mringwari. Utendi hausawiri majeshi mawili, bali gereza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na mwana anayeahidiwa binti wa mfalme ili amchome babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti, uta mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji. Hivyo, kiu inawapata wasiodai kiti chochote.

Kwa mtafiti wa historia, kazi zote mbili ni ushahidi wa namna jamii zilivyokumbuka vita, wala si ushahidi wa mwenendo wa vita vyenyewe.