Puli Kubwa, Mashine Ndogo: Hesabu ya Mwendo wa Kukereza

Leo tutafanya hesabu ya karakana. Shikeni kalamu na daftari.

Fundi ameletewa puli ya mashine ya kusaga mahindi. Ni ya chuma cha kusubu, na kipenyo chake, yaani upana wake ukipimwa kupitia katikati, ni milimita 300. Kijiji kinangoja unga. Mashine ya fundi ya kukereza, ile izungushayo kipande huku kisu kikikichonga, ni ndogo. Je, aizungushe puli mara ngapi kwa dakika? Akikosea, makali ya kisu yataungua na mali ya watu itaharibika.

Mkumbukeni ngamia aliyezungusha kinu cha mafuta ya ufuta zamani huko pwani. Mchi uligeuka mara moja pale pale kinuni, lakini ngamia alitembea hatua nyingi, kwa sababu alikuwa mbali na katikati. Ukingo wa puli ni kama ngamia yule. Kisu hakihesabu mizunguko. Kinachokipata ni mita za chuma zinazopita mbele yake kila dakika.

Kisu cha kawaida cha chuma kigumu hukata chuma cha kusubu vizuri kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa dakika. Basi zidisha mita hizo kwa 320, kisha gawanya kwa kipenyo cha milimita. Andikeni:

20 × 320 = 6,400
Kipande cha milimita 50: 6,400 ÷ 50 = mizunguko 128
Puli ya milimita 300: 6,400 ÷ 300 = mizunguko 21 hivi

Hapo ndipo penye shida. Mashine nyingi ndogo haziwezi kwenda polepole hivyo. Tuseme mwendo wa chini kabisa ni mizunguko 60. Ukingo wa puli utapita kwa mita 56 hivi kwa dakika, karibu mara tatu ya inavyotakiwa. Kukata kidogo kidogo peke yake hakutaponya kisu, maana kinachounguza makali zaidi ni mwendo.

Afanyeje? Kama mashine ina gia za kupunguza mwendo, azitie. Kama haina, atumie kisu chenye ncha ya kabaidi, ambacho huvumilia mita 60 na zaidi katika chuma hicho. Hata hivyo akate kidogo, kwa kuwa mota ndogo huelemewa na ukingo ulio mbali na katikati. Kipande kikitetemeka na kulia, apunguze mwendo.

Kabla ya kuwasha, avae miwani, aondoe ufunguo wa kukazia kipande, kisha aizungushe puli kwa mkono aone kama inagonga mahali. Chuma kizito kikichomoka hakichagui wa kumpiga.

Zoezi: kipenyo ni milimita 200, mwendo ni mita 20. Mizunguko mingapi? Mkipata 32, mmefaulu. Mwenda pole hajikwai. Kwaherini.