Sumu ya nyoka: Ipi dawa, ipi imani?

WAHENGA walisema dawa ya moto ni moto. Kauli hiyo yakaribiana mno na msingi wa tiba iitwayo homiopathia, iliyoasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mnamo 1796. Alishikilia kwamba kitu kinachozua dalili fulani kwa mtu mwenye afya huweza kuiondoa dalili iyo hiyo kwa mgonjwa, mradi kipunguzwe makali kupita kiasi.

Kwa msingi huo, mwaka wa 1828 Mjerumani mwingine, Constantine Hering, alijaribu sumu ya nyoka mkubwa wa misitu ya Suriname, Amerika Kusini. Dawa hiyo ingali inauzwa kwa jina la Lachesis, aghalabu ikiwa vidonge vidogo vya sukari. Husifiwa kwamba hutibu maumivu ya koo na joto linalowasumbua wanawake wanaokoma hedhi.

Je, ndani ya kidonge mna sumu? Hesabu ndiyo inayojibu. Sehemu moja ya sumu huchanganywa na sehemu 99 za maji au kileo. Sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena na 99 nyingine, na kuendelea. Baada ya hatua 12 hivi, ni vigumu kubakia hata molekuli moja ya sumu. Dawa iliyoandikwa 30C imepitia hatua 30.

Ndiyo maana vidonge hivyo havimdhuru anayevimeza. Lakini ndiyo maana pia wanasayansi huuliza vitaponyaje. Mwaka wa 2015, baraza la kitaifa la utafiti wa tiba nchini Australia lilipitia tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa wowote ambao homiopathia imethibitishwa kuutibu.

Hii haimaanishi kwamba sumu ya nyoka haina manufaa. Uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca uliwaongoza wataalamu kuunda captopril, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1981.

Kadhalika, dawa ya kuzima sumu hutokana na sumu yenyewe. Farasi hudungwa kiasi kidogo, kikiongezwa polepole, hadi mwili wake unapotengeneza kingamwili. Kisha damu yake hutolewa na kingamwili hizo kusafishwa. Tofauti ni kwamba hapa kiasi hupimwa, na matokeo huonekana.

Tofauti hiyo ni suala la uhai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka. Sumu ya koboko huweza kuzuia pumzi kwa muda mfupi. Ya moma huozesha nyama. Anayemeza kidonge akisubiri nafuu hupoteza saa asizoweza kuzirejesha, sawa na mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha tembe za hospitali.

Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili, na uzuie kiungo kilichoumwa kisitikisike. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba kwa nguvu wala usitegemee jiwe jeusi. Mfikishe haraka katika hospitali yenye dawa ya kuzima sumu. Ikiwezekana, piga simu kwanza uulize kama ipo.